Nani atamwogesha mtoto?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Je, mwanamke akishavuka miaka 60 anaweza kuanza maisha mapya na akastawi?" Nimelisoma nikiwa nimesimama kwenye basi la mwendokasi, mkono mmoja juu, simu mkono wa pili, na hasira zikanipanda hadi nikapitiliza kituo. Anaweza. Hilo si la kuulizana wiki nzima. Rais Samia aliapishwa Machi 2021 akiwa na miaka 61, umri ambao mtumishi wa kawaida anakuwa keshakabidhi funguo za ofisi na kupigwa picha ya kuagwa. Bi Kidude, yule mwimbaji wa taarab, alipokea tuzo ya muziki ya WOMEX kule Uingereza mwaka 2005, na wakati huo wenziwe aliocheza nao utotoni sijui kama alikuwa amebaki hata mmoja wa kumpongeza.

Mlilopaswa kutuuliza ni hili: akianza hayo maisha mapya, yale ya zamani anamwachia nani? Mimi ni katika walioachiwa, ndiyo maana nawaandikia.

Mama yangu alizaliwa Jambiani, kusini Unguja, mwaka 1949. Aliolewa Tanga akiwa binti, akasomea ualimu, akafundisha shule za msingi Muheza na Korogwe mpaka 2009, akastaafu na miaka yake 60 kamili. Walimuaga kwa saa ya ukutani na doti mbili za kanga. Baba alikuwa keshafariki. Mwaka uliofuata nikajifungua mtoto wangu wa mwisho, na mama akaja kwangu Tabata, Dar es Salaam, kunilea uzazi, kama ilivyo desturi. Arobaini ikapita. Ikawa miezi sita. Ikawa miaka mitatu.

Sikumbuki siku niliyomwomba abaki. Ninachokumbuka ni kwamba wasichana wa kazi walikuwa hawakai, huyu kaenda kuolewa, yule kapata kazi Kariakoo, na kila mmoja alipoondoka mama alikuwa yupo. Alimwogesha mtoto, akampikia uji, akampeleka chekechea na kumfuata, jioni akanipokea mimi na mkoba wangu na lawama zangu za foleni. Mimi namwachia hela ya vocha na ya mboga. Na kazini nikawa nawaambia watu, kwa sauti ya mtu mwenye mzigo, kwamba "namtunza mama yangu". Naomba mlisome tena hilo. Mimi ndiye niliyekuwa namtunza!

Aprili 2013 Bi Kidude alifariki. Tulikuwa sebuleni, taarifa ya habari inaonyesha umati kule Unguja, mama kakaa kwenye mkeka na mjukuu kalala mapajani. Akasema bila kunitazama, "Huyu kaizunguka dunia na meno hana." Nikacheka. Nilidhani anatania. Wiki tatu baadaye nikakuta karatasi imebandikwa kwenye friji kwa mwandiko wake ule wa ubaoni, herufi zimesimama wima kama askari: saa ya uji, saa ya dawa ya minyoo, jina la mama jirani anayeweza kumpokea mtoto shule. Yeye alikuwa chumbani, anafunga begi. Anarudi Jambiani, kwenye nyumba ya marehemu bibi, kulima mwani.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa.

Sasa nieleze safari yangu ya kwenda kumrudisha, maana sijawahi kuisimulia yote hata kwa mume wangu. Niliomba ruhusa ya Ijumaa, nikapanda boti ya mchana, nikalala kwa mama mdogo mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, alfajiri nikaingia kwenye daladala ya 309. Njia nzima napanga hotuba. Ilikuwa na sehemu tatu: mtoto analia usiku, watu watasema nini, na afya yake. Nilivaa viatu vyangu vya ofisini, sijui kwa nini, nadhani nilitaka nionekane ninatoka kwenye kazi ya maana.

Nikafika kama saa tatu, nyumba imefungwa. Jirani akanionyesha baharini kwa kidevu. Lilikuwa bamvua, na mtu asiyeijua pwani ile hawezi kuelewa: maji yalikuwa yameondoka kabisa. Palipokuwa bahari ni mchanga, vidimbwi na majani mpaka kule mawimbi yanakopasukia mwambani, na katikati ya uwanja huo vitone vidogo vya rangi, vimeinama. Hao ndio wanawake. Mmoja wao mama yangu. Nikaanza kutembea. Hatua kumi kisigino kikazama. Nikavivua viatu nikavishika mkononi, nikaendelea, nakanyaga vitu vyenye ncha na vitu vinavyoteleza, na kila nilipoangalia mbele vile vitone vilikuwa mbali vilevile.

Nilimtambua kwa jinsi alivyokaa. Alikuwa amekaa chini, ndani ya maji yanayomfika kiunoni, miguu kainyoosha mbele kama mtu aliye barazani kwake anachambua mchele. Dera limeloa, kanga kaifunga kifuani, kofia ya ukindu juu ya ushungi. Mbele yake kamba imevutwa kutoka kigingi hadi kigingi, na yeye anafunga vijitawi vya mwani kimoja kimoja kwa zile kamba ndogo wanazoziita taitai. Vidole vyake, vidole vya chaki, vilikuwa vimekunjamana kwa maji ya chumvi na vinakwenda haraka kuliko nilivyowahi kuviona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Shika hapa."

Akanipa ncha ya kamba. Nikaishika. Hotuba yangu ya sehemu tatu nikaianza nimechutama, sketi imeloa, viatu nimevining'iniza kwenye kigingi. Nikamwambia mtoto analia usiku anaita bibi.

"Analia saa ngapi?"

"Saa nne, saa tano."

"Ndiyo saa zake," akasema. "Miye nimemsikia miaka mitatu. Weye umemsikia wiki ngapi?"

Halafu akanyamaza, akafunga vitawi kama vitano, ndipo akauliza kwa sauti nyingine kabisa kama anakula vizuri. Nikamwambia anakula. Hakuinua uso. Sehemu ya pili na ya tatu ya hotuba sikuzitoa. Nilishika kamba mpaka karibu saa sita maji yalipoanza kurudi, na wanawake wote wakainuka kwa pamoja kama waliosikia kengele.

Wengi walikuwa rika lake au wakubwa zaidi. Walimwita Mwalimu. Mwani ulianza kulimwa upande huo mwaka 1989, yeye yuko Korogwe anasahihisha madaftari. Alipoondoka Jambiani wanawake wa pale walikuwa wakiokota chaza na pweza na kufukia makumbi ya nazi wasokote kamba. Kwa hiyo wao ndio waliomfundisha: bamvua unakwenda, maji mafu, yasiyokupwa sana, unakaa nyumbani, wiki sita unavuna. Mama yangu wa miaka 64 alikuwa mwanafunzi mbumbumbu wa wenzake ambao baadhi yao hawakumaliza darasa la nne. Walimcheka waziwazi vifundo vyake. Naye akacheka, jambo ambalo Tabata sikuwa nimelisikia kwa muda, wala sikuwa nimegundua kwamba silisikii.

Jioni akanionyesha daftari. Kila kamba ina namba na tarehe ya kufungwa, na pembeni alama ya kalamu nyekundu: vyema kwa iliyoshika, mkasi kwa iliyoharibika, na mbele ya mkasi sababu. "Tasi", ameandika mara nyingi, yule samaki mlaji wa mwani. "Jua." "Uzembe wangu." Anasahihisha bahari!

Kesho yake ilikuwa siku ya mizani. Kijana wa mnunuzi alikuja na gari, wanawake wakapanga magunia yao ya mwani mkavu. Gunia la kwanza likapanda, kijana akataja kilo. Mama akamwambia alishushe. Akamwambia, kwa ile sauti ya darasa la tatu ambayo hata mimi bado inaninyoosha mgongo, aangalie mshale uko wapi wakati mizani haina kitu. Ulikuwa juu ya mbili. Kila gunia, kilo mbili. Au niseme sawasawa, mizani ilikuwa inawaongezea wao, na kijana alikuwa anawakata kilo nne "za gunia", akizifidia zile mbili na kuwapunja juu yake. Mama akapiga hesabu kwenye mchanga kwa kijiti, mbele ya wote, kisha akafuta kwa mguu. Mizani ikarudishwa kwenye sifuri na gunia tupu likapimwa peke yake. Halikufika hata nusu kilo.

Pale ndipo nilipoelewa kwamba sitarudi naye. Na hapo ndipo neno lenu "mapya" linaponishinda. Hakuna kipya alichokizua. Alirudi alikozaliwa na kalamu yake ileile nyekundu. Kilichobadilika ni kwamba safari hii hakuna aliyekuwa anamsubiri saa kumi na moja ampokee mkoba.

Msije mkaniandika kwamba nawapigia debe kazi ya mwani. Wakati ule mkulima alilipwa shilingi mia chache kwa kilo, na mwani ukikauka unabaki kiduchu. Mavuno yake ya kwanza hayakufika hela niliyokuwa nampa ya vocha. Unaharibu mgongo, chumvi na jua vinakula ngozi na macho. Maji siku hizi yanapata joto, mwani ule mzuri wenye bei, kotoni, unakufa upande huo, wamebaki na spinosamu ya bei ya chini. Utomvu wake unakwenda ng'ambo kugandisha dawa ya meno na aiskrimu ambazo yeye hatazionja. Watalii wa Jambiani wanampiga picha akiwa kainama. Kama huko ndiko kustawi, basi ni kustawi kwa mtu mwenye maumivu ya kiuno. Aliacha kuingia majini alipofika 71, magoti yalikataa, sasa anapika sabuni ya mwani na wenzake na bado ndiye mtu wa daftari.

Na kuna jingine ambalo magazeti yanapenda kuliruka. Mama aliweza kuondoka kwangu kwa sababu alikuwa na pa kwenda na alikuwa na chake. Alistaafu zama za mkupuo wa nusu nzima ya mafao. Aliezeka upya nyumba ya bibi akabakiwa na akiba. Sisi tumeingia kwenye kikokotoo, ile kanuni mpya ya kukokotoa mkupuo, asilimia 33 mwaka 2022, kisha baada ya kelele zetu 40 kwa tuliokuwa mifuko ya asilimia 50. Jirani yake wa Jambiani hakuwahi kuajiriwa, yeye alisubiri afike 70 apate pensheni jamii, iliyoanza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Muulizeni huyo kuhusu maisha mapya. Atawajibu, ila kwanza amalize kuanika.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia mabinti wote wa mjini: mwacheni mama aende, nyie ndio kamba iliyomfunga. Niliyaamini nilipokuwa kwenye basi. Nikiendelea kuandika naona si kweli yote. Mwanangu yule sasa ana miaka 15, na ile miaka mitatu ya bibi inaonekana ndani yake: anavyosalimia, anavyokula samaki bila kukwamwa na mwiba, mwandiko wake. Nani angempa hayo? Msichana wa kazi wa miezi miwili miwili? Na mwaka ule alioondoka, mtoto aliumwa mara mbili, nikapewa barua ya onyo kwa utoro kazini, na kuna usiku nilimlaani mama yangu kwa sauti nikiwa nakoroga uji. Hayo pia ni sehemu ya jibu. Maisha mapya ya mwanamke mmoja yanalipiwa na mwanamke mwingine, kwa kawaida aliye karibu zaidi. Wanaume sijawataja, mmegundua? Mume wangu yupo, mzima wa afya. Wakati huo wote alikuwa yupo.

Kwa hiyo jibu langu: ndiyo, anaweza, aende, hata ikituuma. Isipokuwa kama mtoto bado mchanga. Isipokuwa kama binti yuko peke yake. Isipokuwa kama yeye mwenyewe anapenda kulea, maana wapo, na siyo ujinga. Nina miaka 53. Miaka miwili mbele naruhusiwa kustaafu kwa hiari, na nimeshajiandikisha kujifunza kuogelea, kwa sababu siku ile nilipochutama kwenye maji ya Jambiani niliogopa kuliko nilivyomwonyesha mama.

Binti yangu mkubwa yuko Dodoma, anatarajia kujifungua mwezi ujao, mtoto wa kwanza. Alinipigia juzi. "Mama, utakuja?" Nikamwambia nitakuja siku arobaini, nazihesabu kwenye kalenda. Akasema sawa. Kisha akauliza, kwa ile sauti ndogo ninayoijua kwa sababu ni yangu, kama likizo yangu inaweza kuongezwa.

Nimempigia mama kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza tiketi ya treni nimekata ya kwenda na kurudi. Nimekata ya kwenda.