Milioni 1.8 kwa wanajeshi waliorudi Somalia na familia zao: zielekezwe wapi?

Ndugu mleta uzi, salamu kwako na kwa kamati yenu. Kwa wanaoingia sasa: kikundi chao cha watu waliosoma pamoja kimechanga shilingi 1,800,000. Wanataka kuwasaidia wanajeshi wa KDF (Jeshi la Ulinzi la Kenya) waliorudi kutoka Somalia pamoja na familia za waliofia huko. Lililo mezani ni hafla moja ya kugawa unga, mablanketi na bahasha kwa familia 60, na anauliza kama kuna njia bora.

Ipo. Kwanza fanyeni hesabu. Familia 60 ni shilingi 30,000 kwa kila moja, na humo bado hamjatoa gharama ya hema, viti na chakula cha wageni. Mkichukua familia nane kwa miaka miwili, kila moja ina 225,000, yaani 9,375 kwa mwezi. Kiasi hicho kinaweza kuivusha familia mahali ilipokwama.

Mahali penyewe ndipo pa kuangaliwa. Jeshi lina pensheni, kiinua mgongo, fidia na hospitali yake, na mfuko wa milioni moja na kitu hauwezi kushindana nayo. Kinachoshindikana ni familia kuifikia haki hiyo, na kula wakati inaisubiri. Pesa yenu ilipie karatasi, nauli na kipindi cha kusubiri.

Anzeni na mirathi, kwa sababu hapo ndipo wajane wengi hukwama. Kijana huajiriwa jeshini akiwa kati ya miaka 18 na 26, mara nyingi hajaoa, kwa hiyo anamwandika mama yake kama jamaa wa karibu. Miaka sita baadaye ana mke na watoto wawili, na fomu bado ina jina la mama. Akifariki, mama mkwe na mjane wanajikuta pande mbili za meza, wala hakuna hata mmoja aliyetaka ugomvi. Ndoa ikiwa ya kimila na haikusajiliwa, mjane ana kazi ya ziada ya kuithibitisha. Akiba ya SACCO nayo humwendea yule aliyeandikwa kama mteule, hata kama aliandikwa zamani za ujana.

Utaratibu wenyewe, pale ambapo marehemu hakuacha wosia, unaanzia kwa chifu. Barua yake hutaja warithi wote. Msimruhusu mtu yeyote "kurahisisha" orodha hiyo. Mtoto wa nje ya ndoa akifichwa, kifungu cha 76 cha Sheria ya Mirathi kinairuhusu mahakama kufuta baadaye usimamizi wote, yaani kibali cha kusimamia mali ya marehemu, na mnarudi mwanzo pesa zikiwa zimeshatumika. Baada ya barua kuna cheti cha kifo, hati za kiapo, ridhaa ya warithi wengine na wadhamini. Kisha ombi linatangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na kusubiri siku 30 kama kuna pingamizi. Usimamizi ukishatolewa, kuuthibitisha ili mali igawanywe huchukua miezi sita mingine, isipokuwa mahakama ikubali kuufupisha muda huo. Kwa hiyo hata faili safi kabisa isiyo na pingamizi bajeti yake ni miezi kumi. Kamati nyingi huweka mitatu, na mjane anaachwa katikati ya mto.

Kuna mambo mawili hapa ambayo watu hawaambiwi mapema. La kwanza, si lazima kwenda Mahakama Kuu: hakimu mkuu husikiliza mirathi yenye thamani ya hadi shilingi milioni 20, na kwa Waislamu wanaokubaliana kuna mahakama ya Kadhi. La pili, watoto wakiwa wadogo, sheria inataka wasimamizi wasiopungua wawili. Kifungu hicho cha 58 wengi hukiona kama usumbufu. Mimi nakiona kama dawa: mjane na mama mkwe wakiwa wasimamizi pamoja, vita vingi huisha kabla ya kuanza, maana hakuna anayeweza kuchukua hela peke yake. Lipieni vikao viwili au vitatu vya upatanishi kabla ya kulipia wakili yeyote. Kamati isichukue upande, na asiwepo mwanakamati mwenye undugu na familia husika.

Wakili mtafuteni mmoja kwa faili zote nane na mpatane bei moja kwa kila faili, ilipwe kwa hatua: sehemu anapowasilisha, sehemu usimamizi unapotolewa, iliyobaki unapothibitishwa. Mkimlipa yote mwanzoni faili hulala. Kabla ya hapo ulizeni FIDA-Kenya (chama cha wanasheria wanawake), Kituo cha Sheria na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016, kama wanaweza kubeba baadhi.

Majina ni kero ya peke yake. Kitambulisho kinasema jina moja, cheti cha mtoto lingine, rekodi ya kazi la tatu, wakati mwingine tofauti ni herufi moja tu. Katika wiki ya kwanza ya kila familia, wekeni karatasi zote mezani mlinganishe majina herufi kwa herufi, kisha hati ya kiapo ya kusahihisha iandikwe mapema. Mtoto ambaye cheti chake hakina jina la baba si wa kukatiwa tamaa: mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikitangaza kinyume cha katiba kifungu kilichozuia jina la baba ambaye hakumwoa mama. Ushahidi wa ubaba bado utahitajika, na kipimo cha DNA na ndugu wa marehemu ni gharama halali ya mfuko.

Familia za waliopotea ni ngumu zaidi. Baada ya shambulio la tarehe 15 Januari 2016 kwenye kambi ya KDF ya El Adde, Somalia, baadhi ya miili ilitambuliwa kwa DNA. Pale ambapo hakuna mwili wala cheti cha kifo, kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi humchukulia mtu kuwa amefariki ikiwa hajasikika kwa miaka saba na wale ambao wangepaswa kumsikia. Kwa El Adde miaka hiyo ilitimia Januari 2023, kwa Kulbiyow, kambi nyingine ya KDF iliyoshambuliwa Januari 2017, ilitimia Januari 2024. Dhana hiyo haijitekelezi yenyewe, lazima mtu aende mahakamani. Kuna wake ambao hawataki kwenda, kwa sababu kuomba cheti ni kama kumzika mume kwa mkono wao. Msiwasukume. Mwelezeni njia, mwacheni aamue, na karo ya watoto iendelee kulipwa.

Sasa walio hai. Kwa aliyekatwa mguu, kosa la wafadhili ni kununua mguu mmoja wa bandia, kupiga picha na kuondoka. Kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, hupungua ukubwa katika mwaka wa kwanza hadi mwaka na nusu. Soketi (kikombe kinachoshika kigutu) iliyobana vizuri mwezi wa tatu inapwaya mwezi wa tisa, ngozi inachubuka, mtu anarudia magongo na mguu unawekwa juu ya kabati. Bajeti ya mtu mmoja iwe na soketi ya kwanza, soketi ya pili ndani ya miezi 18, soksi za kigutu za unene tofauti, na soksi ya silikoni, ambayo huchakaa ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili. Mguu mzima kwa mtu anayetembea sana hudumu miaka mitatu hadi mitano. Ongezeni nauli na malazi ya wiki mbili au tatu mjini kwa ajili ya kupimwa, kujaribu, kurekebisha na kujifunza kutembea. Kwa mtu wa shamba, kwenye tope na miinuko, chagueni unyayo imara wa mpira ambao fundi wa hapa nchini ana vipuri vyake. Mguu wa bei kubwa kutoka ng'ambo ukivunjika bolti moja, umekufa.

Masikio husahaulika kabisa. Mlipuko huharibu usikivu, na nyumbani mke anadhani mume amekuwa mkali au anamdharau, kumbe hasikii. Lipieni kipimo kwanza. Kifaa cha kusikia kinachotumia betri ndogo za kutupwa humaliza moja kwa wiki hivi, kwa hiyo masikio mawili ni betri 104 kwa mwaka. Kifaa bila bajeti ya betri hukaa droo. Penye umeme wa uhakika, nunueni cha kuchaji.

Upande wa akili, tafadhali msiandae "semina ya ushauri nasaha" ya siku moja. Kumkalisha mtu kikao kimoja na kumtaka asimulie aliyoyaona hakuzuii msongo wa baada ya kiwewe, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi. Tiba inayofanya kazi ni vikao vya kila wiki, takriban 12 hadi 16, na mtaalamu aliyesajiliwa aliyefunzwa tiba ya kiwewe. Lipieni vikao na nauli kwa pamoja, maana nauli ndiyo inayowakatisha. Dawa zikiandikwa na daktari, ziwepo za miezi, zisikatike ghafla kwa sababu mfuko umechelewa. Mke naye apate vikao vyake, na si kama msindikizaji. Mambo yakiwa ya hatari usiku, 1199 ya Msalaba Mwekundu ni bure kupiga, na nyumbani sumu za shambani zifungiwe na ufunguo ushikwe na mtu mwingine. Tangu Januari 2025 Mahakama Kuu imetamka kuwa kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Waambieni familia hivyo, kwa sababu wengi walikuwa wakificha wakiogopa polisi.

Kuna jambo nitalisema ingawa halitapendwa na kila mtu. Mifuko mingi hudai "stakabadhi ya pensheni" kama sharti. Sharti hilo huwatoa waliotoka mapema na walioachishwa kwa nidhamu, na ulevi au utoro uliomfukuzisha mtu kazi mara nyingine ndio ugonjwa wenyewe. Hao ndio wasio na pengine pa kwenda. Thibitisheni utumishi kwa cheti cha kutoka kazini au namba ya kazi, pamoja na wenzake wawili wa kikosi kimoja. Matawi ya DEFOCA, chama cha wanajeshi wastaafu, yanaweza kusaidia kutambua watu, na kuna pia Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya 2022. Mtu akisema alikuwa kikosi maalumu na hawezi kuonyesha chochote kwa sababu ya "siri", huyo ni tapeli mpaka aonyeshe vinginevyo.

Kuhusu kazi nitakuwa mfupi. Msitoe mtaji wa biashara katika miezi sita ya kwanza. Kiinua mgongo kikiingia, matapeli, ndugu na wauza viwanja huwa wameshapanga foleni. Kilicho bora ni karatasi ya kiraia: fundi aliyekaa karakana ya jeshi miaka 15 hana cheti ambacho gereji inakitambua, na mtihani wa ufundi wa NITA (Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda) wa Daraja la III, II au I unampa. Anayeahidiwa kazi ya ulinzi Ghuba, au "kazi nzuri" Urusi, mlipieni wakili asome mkataba, na mwangalie kama wakala yumo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Karo na bima ni rahisi mkizipanga kwa kalenda. Shule ya upili ya bweni viwango vya wizara ni 53,554 kwa mwaka kwa shule za kitaifa na 40,535 kwa zinazofuata, zikilipwa kwa mihula kwa uwiano wa 50:30:20. Maana yake hata kwa shule ya 40,535, Januari inataka zaidi ya 20,000 kwa mkupuo, kabla ya sare na godoro. Kwa hiyo zile 9,375 msizitume sawasawa kila mwezi. Wekeni akiba ya Januari, na karo iende kwenye akaunti ya shule moja kwa moja. Bima ya afya ya serikali, SHA, ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, isiyopungua 300 kwa mwezi. Kwa mjane asiye na kipato ni 3,600 kwa mwaka, familia nane 28,800. Kwa mwanajeshi mstaafu ulizeni kwanza kama yumo DEFMIS, bima ya matibabu ya jeshi. Mlemavu asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu: kadi yake hufungua mambo mengi, ukiwemo msamaha wa kodi ya mapato.

Mwisho, kikundi chenyewe. Kwa ukubwa wenu, kujisajili chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 kunatosha. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyoanza kutumika Mei 2024, ni kwa wanaotaka kuendesha shirika kamili. Kampuni inayotaka mchango wake upunguze kodi itauliza kama mna cheti cha msamaha wa kodi cha KRA (mamlaka ya kodi), na bila hicho pitieni shirika lililo nacho kwa mkataba wa maandishi. Akaunti iwe na watia saini watatu, wawili wakihitajika kila mara, na wasitoke nyumba moja.

Na picha, hapana. Jina la mwanajeshi, kikosi chake na kijiji chake pamoja kwenye Facebook ni hatari kwake, na jina la mjane karibu na kiasi cha pesa linaita wageni wabaya. Wafadhili wapeni ripoti ya namba: faili ngapi zimewasilishwa, ngapi zimethibitishwa, vikao vingapi vimehudhuriwa, watoto wangapi wako darasani. Mkiweka hapa kaunti mliyoko, wengine wataje mahakama na hospitali zilizo karibu.