Nilishapasuliwa, sasa wanataka kunianzishia uchungu

SWALI: Shikamoo dada mkunga. Mtoto wa kwanza nilijifungua kwa opareshen sababu alitanguliza makalio, sasa huyu wa pili kichwa kipo chini ila nina wiki 41 na uchungu hata dalili hakuna. Dokta kasema ataniwekea puto, lkn shoga angu alipewa vidonge akazaa chap, si niombe na mimi vidonge? Alafu mshono si utaachia?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Vidonge hapana. Vidonge hivyo huwa ni misoprostoli, inabana kizazi kwa nguvu na ukishameza huwezi kuitoa, kizazi chenye kovu kinaweza kuchanika, ndo maana aliyepasuliwa hapewi dawa hiyo mimba ikishakua. Shoga ako kama hana mshono basi yake ni habari nyingine kabisa.

Puto ni mpira ule ule wa mkojo tu, wanaupitisha kwenye mlango wa kizazi wanajaza maji, unakandamiza taratibu mlango unalainika na kufunguka, dawa haimo ndani yake, na ndo maana nalipenda. Likishatoka wanaweza kukupasua chupa, uchungu ukisuasua wanaongeza dripu ya oksitosini kidogo kidogo. Dripu nayo inaongeza hatari, ila angalau inafungwa muda wowote.

Kuhusu mshono, uchungu ukianza wenyewe kuachia hutokea kama kwa mama 1 kati ya 200, ukianzishwa inapanda mara 2 mpaka 3. Ni ndogo bado ila sio ya kuchezea, kwahiyo iwe hospitali yenye chumba cha opareshen tayari na mapigo ya mtoto yafuatiliwe muda wote. Mafuta ya nyonyo na midawa ya kuchemsha nyumbani achana navyo kabisa!

Kabla ya yote muulize dokta kizazi kilichanwaje, asome faili maana kovu la nje halisemi la ndani. Kama ni chini kwa kukingama sawa, kama ni wima kwa juu huanzishiwi, unaenda opareshen moja kwa moja. Sababu yako ya kwanza mi inanipa moyo, makalio hayakuzuii safari hii.

Ukiwa leba ukisikia mshono unauma hata uchungu ukipoa, au damu inatoka, au uchungu umekata ghafla, ita mtu hapo hapo usione aibu. Na kama roho haitaki kuanzishiwa, opareshen ya kupangwa unaruhusiwa kuiomba.