"Mimi Silishwi Viporo": Nilivyojifunza Kuwagandishia Wazee Chakula

Mara ya kwanza niliwaachia wazee wangu wawili makopo 32 ya chakula. Nilipika Jumamosi kutwa na Jumapili mpaka adhuhuri, nikayapanga ndani ya friza mpya kwa madaha, kisha nikapanda basi la kurudi Dar nikijiona mtoto wa maana. Wiki tano baadaye nikarudi Tanga, nikafunua friza, nikahesabu. Makopo 27. Kati ya yale matano yaliyotoka, mawili yalikwenda kwa jirani na moja liliishia kwa paka.

Sasa walikuwa wanakula nini? Asubuhi chai na mkate. Mchana wali mweupe na kipande cha samaki wa kukaanga wa muuzaji wa barabarani. Usiku chai na mkate tena.

Nyumba yenyewe ipo Ngamiani. Wanaishi humo wawili: mama yangu, ana miaka 78 na ana sukari, na dada yake, Mama Mkubwa, ambaye yuko kwenye 84 na ana presha. Binti wa kazi wa tatu alikuwa ameshaondoka na wa nne hatujampata. Kwa hiyo mpishi ni mimi, mwanamume, mtoto wa mwisho. Jirani mmoja alinichungulia uani nikimenya vitunguu kilo 2 akaniuliza kama tuna harusi.

Nilipomuuliza Mama kwa nini hawajala, alijibu macho yakiwa kwenye mchele anaopepeta: "Mimi silishwi viporo, mwanangu."

Nikaona nina jibu. Nikamwambia, "Mama, sambusa za Ramadhani si mnazigandisha tangu Shaabani? Mbona hizo huziiti viporo?" Akanyamaza. Aliyejibu ni Mama Mkubwa, kutoka barazani, mtu ambaye siku nyingine humwiti mara moja akasikia: "Sambusa tunazikaanga wenyewe."

Ilinichukua safari nzima ya basi kuielewa kauli ile. Sambusa inatoka kwenye friza ikiwa mbichi, bado inamngoja mtu. Chakula changu kilitoka kimeshamalizwa: kimetiwa nazi, kimekolea chumvi, kilichobaki ni kupashwa tu, na kupasha ndiyo kazi ya kiporo. Wanawake wawili waliopika miaka sitini nilikuwa nimewavua upawa mkononi. Tangu hapo sigandishi chakula kilichokamilika. Nagandisha ile kazi ya kuvunja mgongo, wao nawaachia kumalizia. Ukiwa na mzee anayerudisha makopo yako, anzia hapo kabla hujamlaumu.

Kwa vitendo ni hivi. Maharage nayachemsha hadi yaive kabisa, nagandisha na supu yake kidogo, bila nazi wala chumvi. Mbaazi hivyo hivyo, na kunde. Nyama naichemsha na tangawizi na kitunguu saumu mpaka inakatika kwa kijiko, maana meno ya Mama Mkubwa sasa ni ya kuhesabu. Kisamvu ndicho kinachopendeza kuliko vyote: kukitwanga na kukichemsha ni kazi ya nusu siku, tena hakitaki haraka kwa sababu kikiwa hakijaiva vizuri kina sumu yake, lakini kikishaiva kinagandishika na kuyeyuka kama hakikuguswa. Rojo la nyanya na vitunguu nalo nalifanya peke yake, ili Mama aamue mwenyewe leo linakwenda kwenye nyama au kwenye samaki.

Nazi sitii. Tui likiganda kisha likayeyuka hukatika, unabaki na maji chini na chembechembe juu, na mchuzi wa namna hiyo Tanga hauli mtu. Badala yake nagandisha nazi iliyokunwa, katika vifuko vya nazi moja moja. Ningependa mngemwona Mama siku ya kwanza alipokitumia kifuko hicho. Alikimwaga kwenye bakuli, akatia maji ya uvuguvugu, akasubiri. Vidole vyake havikunji tena vizuri, kukamua hawezi, basi akaiweka nazi kwenye chujio na kuikandamiza kwa mgongo wa mwiko, tui likashuka jeupe. Akadondosha tone kwenye kiganja, akalamba, akasema chumvi kidogo na ndimu. Siku hiyo walikula mbaazi wote wawili, na paka hakupata kitu.

Hili la chumvi lina faida ya pili. Mwenye presha na mwenye sukari wanakula sufuria moja, kila mmoja anatia kadiri alivyoambiwa kliniki, na ndimu inaziba pengo kubwa kuliko unavyodhani.

Kuna vitu sijaribu tena. Viazi mviringo ndani ya mchuzi hugeuka sifongo. Yai la kuchemsha huwa mpira. Ugali hutoa maji na kumeguka, na sioni sababu ya kuugandisha wakati unasongwa kwa dakika chache. Chapati, kinyume chake, ni rafiki wa friza: zipoe kabisa, weka karatasi ya nailoni kati ya moja na nyingine ili zisishikane, uzitoe mojamoja na kuzitia kikaangoni papo hapo. Samaki wa mafuta mengi kama vibua nawaacha kwa muuzaji wa barabarani, kwa sababu hata ndani ya friza huanza kunuka mafuta ya zamani mapema kuliko vyakula vingine.

Makopo yenyewe yaliniponza. Nilinunua yale yenye vifuniko vinavyobana kwa masikio manne, nikayasifu kwamba hayavuji. Siku moja nikamkuta Mama Mkubwa amelikumbatia kopo kifuani anachokonoa kifuniko kwa ncha ya kisu. Moyo ulinipasuka. Tangu siku ile kopo ni la kugandishia tu: namimina upawa mmoja na nusu, ambao ni mlo wa mzee mmoja, naacha nafasi ya kidole juu kwa sababu maji yakiganda hutanuka, na likishakuwa jiwe nalichovya kwenye maji, tofali linachomoka, naliingiza kwenye mfuko na kuufunga kwa fundo legevu. Mkasi unaning'inia kwenye msumari karibu na friza. Hakuna wa kupigana na kifuniko.

Upawa mmoja na nusu usiudharau. Makopo yangu ya kwanza yalikuwa ya kushibisha watu wanne. Mzee akiyeyusha kopo kubwa atakula leo, kesho, keshokutwa, na hapo kweli tumempa kiporo.

Na maandishi? Nilikuwa naandika kwa kalamu nyembamba, "mhrg 12/3". Mama hawezi kuyaona, na Mama Mkubwa hakusoma shule, alisoma chuoni, yaani chuo cha Kurani. Sasa Mama ndiye anayeandika, kwa herufi za Kiarabu, kubwa kama za bango, kwenye ule utepe wa karatasi wa mafundi rangi. Ubandike ungali mkavu kabla mfuko haujaingia kwenye baridi, la sivyo hautashika. Matokeo yake ni kwamba mimi sasa ndiye nisiyejua kilichomo, naulizia kama mgeni.

Jambo ambalo sitaki ulifanyie mzaha ni kupoza. Safari ya tatu nilichoka, nikaingiza sufuria zima la maharage ya moto ndani ya friza nikalala. Alfajiri juu pameganda kidogo, katikati vuguvugu, na yameanza kutoa povu. Niliyamwaga yote, na vilivyokuwa jirani yake vilikuwa vimelainika. Chakula kingi ndani ya chombo kirefu hubakiza joto moyoni kwa saa nyingi, na vijidudu vinapenda joto hilo. Sasa nakitandaza kwenye masinia, sinia linakaa juu ya beseni la maji ya barafu, na ndani ya saa 2 kimeshapoa na kuingia kwenye friza, tena kwa mafungu machache machache. Wali ndio wa kuuangalia zaidi. Ukilala mezani, vijidudu vyake vinaweza kuacha sumu ambayo moto wa kupashia hauiondoi. Kijana akiharisha usiku, asubuhi anakwenda kazini. Mzee wa miaka 84 akiharisha usiku, mnakesha hospitali.

Kuyeyusha ni ndani ya friji, kuanzia jioni, kamwe si juu ya meza siku kutwa kwa joto hili la Tanga. Kupasha ni mara moja tu, mpaka katikati panatokota. Kikibaki, hakirudi kwenye friza. Na ingawa maharage yanaweza kukaa miezi mitatu kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bila kuharibika, mimi siachi akiba ya zaidi ya wiki tano. Wanavyoona mlima wa chakula, wanakata tamaa.

Kuhusu friza, nilinunua ya kulala, inayofunguka kwa juu, nikidhani ni akili kwa vile inatunza baridi vizuri umeme ukikatika. Ni kweli inatunza. Lakini mzee anainama mpaka kiunoni kuchukua tofali la chini, na siku moja Mama alibaki ananing'inia. Tukaweka vikapu viwili vya juu, na kila Ijumaa mjukuu wa jirani anakuja kupandisha vya chini. Kama bado hujanunua, nunua ya kusimama yenye droo, hata ikiwa ndogo.

Umeme nao utakatika tu, au LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, itaisha usiku. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huhimili kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Ili nijue kilichotokea nisipokuwepo, nimegandisha maji kwenye kikombe na kuweka sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu. Nikifika naangalia kikombe kwanza. Sarafu ikiwa juu, tuko salama. Ikiwa imezama, barafu iliyeyuka ikaganda upya, na kila kilichomo kinamwagwa, hata Mama akinung'unika kwamba ni kufuru.

Masharti haya yote wanayafuata vizuri isipokuwa moja. Umeme ukikatika, mtu wa kwanza kufunua friza ni Mama Mkubwa, anakwenda kushika kwa mkono aone kama bado ina baridi. Nimemweleza. Nimemwomba jirani amweleze. Mwezi uliopita niliifunga kamba. Nilipofika nikaikuta kamba uani, imeanikiwa kanga mbili.