Sumu ya risasi ya utotoni, mimba ya leo: majibu kwa wasomaji wetu

*Nilikulia Owino Uhuru, hapa Mombasa, wakati kiwanda cha kuyeyusha betri kikifanya kazi. Sasa nina mimba ya miezi minne. Sumu ile imenitoka? — Mikindani*

Damuni nyingi imekwisha, dada. Kiwanda kilifungwa 2014, na risasi (ile madini ya betri, si ya bunduki) iliyo kwenye damu hupungua nusu kwa takriban mwezi mmoja. Taabu ni iliyoingia mifupani. Mwili huidhania kalsiamu, ukaiweka, na huko hukaa miongo. Sasa mtoto anajenga mifupa yake. Usipokula kalsiamu ya kutosha, mwili utachota kwenye mifupa yako na risasi itatoka pamoja nayo, ivuke kondo la nyuma imfikie. Ndivyo mtoto anavyoweza kurithi sumu ya mahali asipowahi kukanyaga.

Kliniki, wewe ndiye uwaambie ulikokulia, maana kwa kawaida hawaulizi. Omba kipimo cha risasi cha damu ya mshipa. Kikifika mikrogramu 5 kwa desilita, Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe, na mjamzito asiyepata kalsiamu ya kutosha aongezewe. Kunywa maziwa, kula dagaa na mifupa yao, na vidonge vya kuongeza damu usivifiche kabatini (nawajua nyinyi!). Yale mawe ya kutafuna ya sokoni yaache kabisa, mengine yana risasi.

*Mume wangu huyeyusha risasi ya betri kuukuu uani, atengeneze chubwi za mishipi ya kuvulia samaki. Si kila siku. — Likoni*

Hata mara chache ni nyingi mno. Vumbi na moshi hutua kwenye mchanga wanaochezea watoto, na mtoto hufyonza karibu nusu ya risasi anayomeza, ilhali mtu mzima hufyonza kama sehemu moja ya kumi. Aache kuyeyusha nyumbani. Sufuria ile isirudi jikoni, nguo zake zifuliwe peke yake, na sakafu ipigwe deki kwa maji. Ufagio mkavu hurusha vumbi tu. Watoto wapelekwe wakapimwe, hata wakionekana wazima.

*Mama mkwe anataka kumpaka mwanangu mchanga wanja wa jiwe. — Mji wa Kale*

Asipakwe. Wanja huo mara nyingi husagwa kutoka kwa galena, jiwe ambalo sehemu yake kubwa ni risasi, na mtoto hujifikicha macho kisha akanyonya vidole. Lakini usimkabili mkweo wewe. Mwachie mumeo akazungumze na mamake.

*Kuna dawa ya kuisafisha mwilini? — Changamwe*

Ipo ya hospitali, lakini si ya kila mtu. Kwa mtoto, Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kuanzia mikrogramu 45 kwa desilita. Huitoa risasi, ila akili iliyokwisha kuathirika hairudishi. Anayekuuzia chupa ya mitishamba ya “kusafisha mifupa” anatafuta hela zako. Zinunulie maziwa.