Klabu ya Shule Inayofika Novemba

Klabu nyingi za sekondari huzaliwa Februari na kufa kabla ya likizo ya Juni. Zinaanza kwa shamrashamra: uchaguzi, orodha ya viongozi kwenye ubao wa matangazo, picha ya pamoja na mkuu wa shule. Baada ya hapo mwenyekiti haendeshi kikao hata kimoja, katibu hana cha kuandika, mhazini hajawahi kushika shilingi. Mwanafunzi si mjinga. Akiona cheo hakina kazi, anarudi kwenye mpira wake, na ana haki.

Mwaka 1992 mtafiti Roger Hart aliandikia UNICEF kuhusu ushiriki wa watoto, akaupanga kama ngazi yenye vipago 8. Vipago vitatu vya chini hakuvihesabu kuwa ushiriki kabisa, na kimojawapo alikiita mapambo: watoto wamevalishwa fulana, wanaimba mbele ya wageni, na hawajui shughuli inahusu nini. Mwalimu mlezi yeyote aliyewahi kuandaa mahafali anaijua picha hiyo. Kijana wa miaka 14 hadi 18 anakua akikabidhiwa kitu cha kweli, kinachoweza kuharibika mikononi mwake, huku mtu mzima akiwa karibu na mikono ameiweka mfukoni.

Kosa la mwanzo ni kuchagua viongozi wa kidato cha nne. Wanaheshimika, sawa, lakini kuanzia katikati ya mwaka wanazama kwenye mitihani ya majaribio, na Novemba wameondoka huku daftari la klabu limebaki kwenye begi la mtu. Kidato cha pili nao wana upimaji wao wa taifa. Wanaofaa ni kidato cha tatu. Wachaguliwe Machi, waongoze mpaka Machi inayofuata wakiwa wameshaingia kidato cha nne, kisha wakae wiki mbili bega kwa bega na wenzao wapya kabla ya kukabidhi. Wanachama 20 hadi 25 wanatosha. Klabu ya watu 90 ni mkutano wa hadhara.

Halafu wapeni kazi yenye matokeo ya haraka. Kuku wa nyama wanavutia, lakini mtaji wake ni mkubwa na ugonjwa wa usiku mmoja unaweza kuumaliza wote. Miti ni mizuri ila aliyeipanda hatakuwepo ikikua. Kwa shule yenye maji, anzeni na mchicha: wiki 3 hadi 4 tangu kupanda mnavuna. Matuta manne ya mita 1 kwa 5 yanatosha. Kila tuta liwekwe madebe mawili ya samadi iliyooza vizuri, kwa maana mbichi huunguza miche. Mbegu za mchicha ni ndogo sana, zichanganywe na mchanga mkavu ndipo zimwagwe kwenye mistari iliyoachana sentimita 20, zifunikwe kidogo tu. Kiangazi, kila tuta linahitaji ndoo ya lita 20 asubuhi na nyingine jioni. Msipande matuta yote siku moja. Moja kila wiki, ili kila wiki pawe na cha kuuza. La mwisho lipandwe wiki 5 kabla ya shule kufungwa, vinginevyo mtamwachia mlinzi mavuno.

Tahadhari moja nzito hapa. Tangu sera ya Mwalimu Nyerere ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, shule zetu za Tanzania zimekuwa na mashamba, na katika shule nyingi jembe likageuka fimbo: aliyechelewa akalime. Siku mwalimu wa nidhamu atakapowapeleka wachelewaji kulima matuta ya klabu, wanachama wataona wazi kwamba kazi yao ni adhabu ya wengine. Mlezi alizuie hilo mapema, kwenye kikao cha walimu.

Mchicha wenyewe si hoja. Hoja ni sanduku la fedha. Liwe na makufuli mawili, ufunguo mmoja kwa mhazini na mwingine kwa mwanachama asiye na cheo, na sanduku lenyewe likae ofisini. Fedha zihesabiwe na wawili, wa tatu aandike. Daftari liwe na safu tano: tarehe, maelezo, mapato, matumizi, baki. Mstari mmoja usomeke hivi: mafungu 18 kwa 200, jumla 3,600. Asiandike "mauzo" peke yake, kwa sababu mwezi ukiisha hakuna atakayekumbuka ni mauzo gani. Kila Jumatano ya mwisho wa mwezi mhazini asome hesabu kwa sauti mbele ya wote, na yeyote aruhusiwe kumuuliza, hata mtoto wa kidato cha kwanza.

Upungufu utatokea. Tuseme daftari linasema 11,400 na sandukuni mna 10,700. Hapa ndipo walezi wengi huharibu, kwa kumsimamisha mhazini mstarini na kumwita mwizi. Atakachojifunza ni kuficha vizuri zaidi safari ijayo, na wenzake watajifunza kukikimbia cheo hicho. Kaeni watatu: mhazini, mwenye ufunguo wa pili na mlezi. Pitieni mstari kwa mstari. Mara nyingi ni chenji iliyotolewa vibaya, au mafungu yaliyochukuliwa na mwalimu kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi na hayakuandikwa. Kama kweli amekopa kimyakimya, apange mwenyewe atarudishaje na lini, na iandikwe. Na kwa vile tumewataja walimu: mlezi asikope humo hata nauli, wala sanduku lisinunue soda za mgeni. Mkopo wa mwalimu ni vigumu kudaiwa na mtoto, na wanafunzi wanajua.

Kikao kiwe dakika 40 na ajenda zisizidi tatu, mara baada ya vipindi na si jioni, maana wasichana wa kutwa wanaotembea mbali hawatabaki, na wakibaki wanahatarishwa. Kiendeshwe kwa Kiswahili. Mtoto wa kidato cha kwanza ametoka shule ya msingi ya Kiswahili na ghafla anasoma kila kitu kwa Kiingereza. Kutwa nzima amenyamaza. Msimnyamazishe na hapa. Mwenyekiti agawe vipande vya karatasi, kila mmoja aandike wazo lake, visomwe vyote ndipo wenye midomo mirefu waruhusiwe kuchangia. Yeye aseme mwisho. Mlezi akae nyuma, karibu na mlango. Mwenyekiti akigeuka kumtazama, kama lazima atageuka, mlezi ahesabu kimoyomoyo mpaka 20. Mara nyingi kabla ya kumi na tano mtu mwingine ameshajibu.

Angalieni pia nani anafanya nini. Bila mtu kukusudia, mvulana huwa mwenyekiti, msichana huwa katibu, na ndoo za maji huishia vichwani mwa wasichana. Zamu ya maji ibandikwe ukutani kwa majina.

Mkishatulia, gawaneni vikundi vya watu 6 hadi 8, na kila mkubwa wa kidato cha tatu awe na wadogo wawili wa kuwafuatilia. Maswali yake ya wiki ni mepesi: somo gani limekushinda, umekula mchana, nani anakusumbua. Lakini afundishwe mpaka wake tangu mwanzo: akisikia habari ya kupigwa, kushikwashikwa, mimba au mtu kutaka kujidhuru, asiahidi siri. Ampeleke mwenzake kwa mwalimu wa ushauri na unasihi siku hiyohiyo. Kama anayelalamikiwa ni mwalimu, kuna namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, na kupiga ni bure. Iandikwe nyuma ya daftari la klabu. Mlezi naye asikae na mwanafunzi mmoja ndani ya chumba kilichofungwa. Chini ya mwembe panatosha.

Kupima kama klabu inakuza vijana, acheni kuhesabu vyeti. Hesabuni ni watu wangapi tofauti wamefungua mdomo kikaoni mwezi huu. Na mlezi akienda semina wiki mbili, akirudi alifungue daftari la mahudhurio kabla ya kumuuliza mtu yeyote, atafute tarehe ambazo hakuwepo.