Mama mwenye mali aliyesahaulika: usianze na jina lake, anza na nyumba yake

Dada uliyeuliza kuhusu riwaya yako, kwamba una mama mmoja wa zamani alikuwa na mali zake mwenyewe na leo hakuna anayemjua, na kila ukitafuta jina lake hupati kitu, ngoja nikujibu kwa urefu manake hiyo njia nimeipita mwenyewe miaka mitatu sasa na najua inavyokatisha tamaa.

Wangu ni mama mwenye nyumba wa Nairobi, alikaa Pangani ile ya zamani kisha Pumwani. Nilimsikia kwa nyanya yangu, ambaye alizaliwa ndani ya nyumba ya huyo mama, chumba cha pili mkono wa kushoto ukiingia. Hiyo ndiyo habari yote niliyoanza nayo, chumba cha pili mkono wa kushoto, na jina moja tu la Kiislamu.

Mwaka mzima wa kwanza niliumaliza nikifukuzana na hilo jina. Nilikuwa naenda Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, lile jengo lililokuwa benki zamani, napanda juu naomba faili, nasoma mpaka macho yanauma, sipati. Baadaye ndio nikaelewa kwa nini. Serikali ya mkoloni iliandika watu kwa shida zake yenyewe. Kipande, yaani kitambulisho cha kazi, kilipoanza kutumika kama 1919, 1920 hivi, walioandikishwa ni wanaume, alama za vidole, kabila, mwajiri, mshahara, kila kitu, wakakivaa shingoni kwenye kikebe cha bati. Mwanamke hakuwa na kipande. Yaani mfanyakazi wa jikoni kwa mzungu unaweza kumpata, na mama aliyempangisha chumba huyo huyo mfanyakazi humpati. Halafu wengi wa hawa akina mama walitoka bara, Wakikuyu, Wakamba, Wamasai, Wanandi, wakafika mjini wakasilimu, na ukisilimu unapewa jina jipya na mara nyingi baba mpya pia, binti Abdallah. Ukikuta binti Abdallah sita kwenye karatasi moja usidhani ni ndugu.

Aliyenitoa kwenye shimo ni mzee mmoja pale Majengo, hapo Pumwani, nilimweleza baada ya swala ya alasiri, akaniambia mwanangu jina la mtu hubadilika, ploti ina namba. Basi nikageuza utafiti wote. Pumwani ilipoanzishwa mwanzo wa miaka ya 1920 ili watu wa vile vijiji vya kwanza vya Waafrika Nairobi, vilivyoitwa Mombasa, Maskini, Kaburini, wahamishiwe pamoja, ardhi ilikuwa ya manispaa na nyumba ni yako, unajenga kwa fito na udongo, unaezeka madebe yaliyokunjuliwa, na ploti unailipia. Sasa penye malipo pana deni, na penye deni pana mtu ameandikwa. Kwa hiyo usimtafute pale watu walipohesabiwa, mtafute pale alipodaiwa, pale alipotozwa faini, pale watu waligombania mali yake baada ya kufa. Faini za pombe zitakusaidia sana manake manispaa ilijitwalia biashara ya pombe ikawa ndiyo inayouza, na mama aliyepika kwake akawa mhalifu. Mirathi nayo usiiruke, hawa wengi walikuwa wamekata mguu na kwao, wengine hawakuzaa, na wakachagua wenyewe nani arithi, mtoto wa kulea au mwanamke mwenzake aliyeishi naye, na hapo ndipo ugomvi unapozuka na ugomvi ndio unaoacha karatasi. Janet Bujra aliandika makala 1975 kuhusu hawa wafanyabiashara wanawake wa Nairobi ya mwanzo, itafute, itakuonyesha kwamba mama wa aina yako hakuwa peke yake, walikuwa sehemu kubwa ya wenye nyumba pale Pumwani.

Kwa magazeti ya zamani nenda maktaba ya McMillan pale Banda Street, ila usitarajie kumkuta, enda kwa ajili ya bei za vitu, mvua, maradhi, matangazo ya vitambaa.

Kitu kingine, pesa. Mimi rasimu ya kwanza mama yangu anakusanya kodi kwa shilingi mwaka 1917, na shilingi haikuwepo! Ilikuwa rupia, 1920 ikaja florini, 1921 ndio shilingi. Nilipolirekebisha hilo nikapata sura nzima bure, manake rupia iliyokuwa inahesabiwa shilingi moja na peni nne za Uingereza ikapandishwa ikawa shilingi mbili, sasa fikiria mtu ambaye amekopa rupia za kujengea chumba cha tatu kabla ya hapo, na sasa analipa kwa kipimo kipya. Hapo ndipo nilimwona kwa mara ya kwanza kama mfanyabiashara, amekaa uani usiku anapiga hesabu upya.

Kuhusu wazee, usiende kuuliza fulani alikuwa nani, watakuambia alikuwa mtu mzuri basi. Na usiulize moja kwa moja alipataje mtaji. Wengi walianza kwa umalaya, hilo linajulikana, na Nairobi ya wakati ule neno hilo lilikuwa na maana yake, malaya ni yule anayekaa chumbani kwake mgeni akija anamtilia chai, chakula, maji ya kuoga, tofauti na watembezi wa barabarani, na tofauti na wazi-wazi waliokaa mlangoni miaka ya 1930, ambao wengi ni Wahaya kutoka Bukoba na pesa zao zilirudi kununua mashamba kwao. Usilifiche hilo na usilifanye ndio riwaya yote. Aliweka akiba, alijenga, alipangisha, alikopesha. Wajukuu wapo hai na wanaswali msikiti mmoja na watu utakaowahoji, kwa hiyo mimi nimebadilisha jina na namba ya ploti na nakuomba ufanye hivyo.

Uliza nyumba. Nani alilala chumba gani, maji yalichotwa wapi, nani alipika maandazi, kodi ilidaiwa asubuhi au jioni, Pangani ilipobomolewa mwisho wa miaka ya 1930 watu wakapelekwa Shauri Moyo walibeba nini, mlango, madebe, kitanda. Mtu aliyekaa kimya nusu saa kuhusu mama mwenyewe ataongea saa mbili kuhusu choo cha uani na nani alikuwa hakifagii.

Nyanya nilipomuuliza hivyo hakujibu, alichukua fimbo yake akachora chini mchangani, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku vitatu huku, mlango wa uani, jiko, akasema hapa ndipo alipokaa na kisanduku chake, kila anayetoka lazima ampite. Nilinakili kwenye daftari kabla kuku hawajavuruga. Nimeibandika ukutani juu ya meza na riwaya inafuata vyumba hivyo hivyo, kila mpangaji na sura yake, saa hii niko chumba cha nne. Niandikie mji na miaka ya mama wako nikuambie ningeanzia madeni gani kama ningekuwa wewe.