Madogo wa kutafsiri, hebu kaeni hapa kidogo

Juzi nimepita kibanda cha video nikamkuta dogo mmoja anaingiza sauti ya Kiswahili kwenye filamu ya Kihindi, Gangubai Kathiawadi. Ndani ya dakika kumi kasema "changudoa" mara kumi na nne. Nilihesabu kwa vidole nikarudia mkono. Binti wa watu kadanganywa na mpenzi wake kwamba anakwenda Bombay kuigiza filamu, kauzwa danguroni Kamathipura, machozi bado yanamtiririka, dogo kashampachika jina. Watu wanacheka, naye anaona kapatia. Sikumnyang'anya maiki kwa sababu mimi nimefanya baya zaidi.

1. Filamu ya maisha ya mtu wa kweli iangalie mpaka mwisho kabla hujaingiza sauti.

Mwaka 2020 nililetewa Chhapaak jioni, mwenye mzigo anautaka asubuhi. Kihindi changu ni cha kuokoteza, lakini kiburi kilikuwa kingi, nikawasha maiki moja kwa moja. Sasa filamu ile haikupi tukio mapema. Unamkuta Malti uso umeshaungua, anahangaika kutafuta kazi, watu wanamkwepa macho. Nanyi mnawajua wateja wetu, lazima waulize: kwani alifanya nini? Nikawatungia. Alikuwa demu wa jamaa, kamla hela, kamkacha kwa mwenye gari. Sauti ya jamaa nikaiwekea na huzuni kidogo, aonewe huruma.

Karibu na mwisho filamu ikarudi nyuma. Kumbe ni mwanafunzi tu, anacheka na wenzake, kosa lake ni kumkataa mtu. Badala ya kusimamisha nianze upya, nikaongeza kasi: "Hapa anakumbuka zamani, kabla hajaharibika." Ndiyo, nilisema hivyo.

Malti wa kwenye filamu ni Laxmi Agarwal wa Delhi. Mwaka 2005, akiwa na miaka 15, alimwagiwa tindikali barabarani na mwanamume wa miaka 32 aliyetaka kumwoa akakataliwa. Kesi aliyoipeleka mahakamani ndiyo iliyofanya Mahakama ya Juu ya India, mwaka 2013, iamuru uuzaji wa tindikali udhibitiwe.

Watu walipotoka kibandani, mmoja akasema, "Wala hela dawa yao hiyo." Mama muuza mihogo wa pale mlangoni, ambaye picha hakuiona ila sauti yangu aliisikia yote, akaniuliza taratibu: "Kwa hiyo mwanangu, ungekuwa wewe ungemmwagia?" Mimi, mtu wa maneno, nikanunua mihogo ya mia tano nikaondoka.

2. Steringi ni nani? Kwenye Dangal (2016), filamu ya mabinti wacheza mieleka, kila dogo anamtaja Aamir Khan, anayeigiza baba yao. Sawa, filamu yenyewe inamsukuma baba mbele, na mimi Aamir nampenda, mnajua. Lakini aliyepanda mkekani Delhi mwaka 2010, Michezo ya Jumuiya ya Madola, akachukua medali ya dhahabu ya mieleka uzani wa kilo 55 ni binti mwenyewe, Geeta Phogat. Na ile ya baba kufungiwa chumbani siku ya fainali imetungwa. Nimeshaitolea machozi, nikaibishania kwa kinyozi kama historia, kinyozi akatoa simu akaniumbua mbele ya watu.

3. Kwenye kubakwa, nyamaza. Phoolan Devi, yule jambazi wa kike wa India aliyekuja kuwa mbunge, mwenyewe alikwenda mahakamani kuipinga Bandit Queen ya 1994, filamu ya maisha yake, kwa jinsi ilivyoonyesha kubakwa kwake, na hiyo ilijinadi kuwa iko upande wake. Wewe na vichekesho vyako utasemaje?

4. Karanga zisiliwe karibu na maiki. Nimechoka kulisema hili.

5. Kazi ikishaingia kwenye flashi hairudi. Chhapaak niliirekodi upya kwa hela yangu, nikaigawa bure. Mwaka jana nimo kwenye basi la Tanga, kondakta kawasha skrini, nasikia sauti ninayoijua: "Kamla hela, kamkacha." Abiria wa pembeni akanigusa bega.

"Huyu mtafsiri anajua," akasema.

Nikashusha kofia, nikajifanya nimelala mpaka Korogwe.